Kusema "Malangali" kwa Ulimi wa Kushonwa

Jina la Malangali ni mtihani mdogo wa ulimi. Herufi ya kwanza ni kazi ya midomo tu. Inayofuata, l, inataka ncha ya ulimi ipande ikaguse ufizi nyuma ya meno ya juu. Ng inataka nyuma ya ulimi iinuke hadi kwenye kaakaa, kisha ncha irudi juu tena kwa l ya mwisho. Mwenye ulimi mzima hufanya yote hayo bila kujua, akimwelekeza dereva wa bodaboda mjini Sumbawanga. Aliyekatwa ncha ya ulimi kwa ajili ya saratani husema "Mayangayi". Dereva humwuliza mara ya pili, mara ya tatu, na mwishowe abiria huyo huzoea kuonyesha njia kwa kidole.

Hapo ndipo linapoanzia swali la makala haya. Daktari akikata sehemu ya ulimi, taya, shavu au pua ili kuokoa maisha, kisha akaziba pengo kwa ngozi, nyama au mfupa uliotoka kwingine katika mwili uleule, mgonjwa anarudi nyumbani akiwa katika hali gani? Anakula nini? Anaposema anaeleweka? Msimu wa kulima ukifika, anaweza kushika jembe?

Malangali ni kata ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, mashariki liko bonde la Ziwa Rukwa. Mji una hospitali ya rufaa ya mkoa, na una ile ya kanisa yenye jina la Dk. Adrian Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta na kufika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Lakini upasuaji mkubwa wa saratani ya uso na kinywa, pamoja na kuunda upya kilichotolewa, humpeleka mgonjwa mbali: Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa basi kupitia Tunduma, au Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100. Mionzi nayo hutolewa mahali pachache, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale pwani kwenye jengo la hospitali lililojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, au Bugando kule Mwanza. Umbali huo si jambo la pembeni. Utaonekana unaingia mpaka kwenye uchaguzi wa nyama ya kushonea.

Saratani za kichwa na shingo ni nyingi: za ulimi, ufizi, sakafu ya kinywa, koo, zoloto, pua na mapango yake, tezi za mate, ngozi ya uso. Tumbaku na pombe ndivyo vichochezi vinavyojulikana zaidi, na vikikutana mtu mmoja huongezeana nguvu. Wapo wanaougua kwa sababu ya virusi, na wapo, hasa huko Ufipa, wanaougua kwa sababu ya jua. Kwa sehemu kubwa ya saratani za kinywa tiba huanza na kisu, na kisu hicho hakiwezi kufuata ukingo wa uvimbe tu. Lazima kichukue na nyama nzima inayouzunguka, kiasi cha sentimita moja kila upande. Kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi huacha pengo la ukubwa wa yai.

Ufundi wa kuziba mapengo ya namna hiyo ulikua haraka katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916, mwaka uleule ambao Waingereza waliteka boma la Wajerumani la Bismarckburg, ambalo leo ni Kasanga, daktari Harold Gillies kutoka New Zealand alikuwa akipokea huko Uingereza askari waliopasuliwa nyuso na mabomu. Alijifunza kuinua kipande cha ngozi bila kukikata na mishipa yake ya damu, akakihamisha hatua kwa hatua hadi usoni. Ndugu yake wa ukoo, Archibald McIndoe, aliendeleza kazi hiyo kwa marubani walioungua katika vita ya pili. Ni McIndoe huyo, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, wote watatu wapasuaji wa kurekebisha maumbile, waliopanga wazo la madaktari wa ndege wakiwa miteremkoni mwa Kilimanjaro. AMREF ikazaliwa mwaka 1957. Watu wengi wanaoijua AMREF kwa chanjo na visima hawajui kwamba waanzilishi wake walikuwa mafundi wa kushona nyuso.

Kanuni ya Gillies haijabadilika: nyama bila damu hufa. Kinachobadilika ni namna ya kuifikishia damu.

Njia moja hutumia kifua. Daktari huchora kwa wino umbo la pengo kwenye ngozi ya kifua, chini ya chuchu. Hukata umbo hilo pamoja na msuli ulio chini yake, akiacha shina la mishipa linaloteremka kutoka chini ya mtulinga. Kipande hubaki kimeshikiliwa na shina lake kama boga lisilochumwa. Kisha hupitishwa chini ya ngozi, juu ya mtulinga, hadi shingoni, kikashonwa ndani ya kinywa. Mmarekani Stephan Ariyan aliieleza njia hii mwaka 1979, na hadi leo ndiyo inayotegemewa zaidi kusiko na hadubini ya upasuaji. Ni imara na haitaki vifaa vya ajabu. Kasoro zake mgonjwa huziona mwenyewe kwenye kioo: kipande ni kinene, shingo huvimba upande mmoja, na mwanamume mwenye kifua chenye nywele huota nywele ndani ya shavu. Hizo hukatwa kwa mkasi kliniki.

Njia nyingine huchukua ngozi nyembamba ya ndani ya mkono, karibu na kifundo, pale muuguzi anapohesabu mapigo ya moyo. Wapasuaji wa China waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya kukata, daktari humwambia mgonjwa akunje ngumi, naye huibana mishipa miwili mikubwa ya damu hapo kifundoni mpaka kiganja kipauke. Kisha huachia mmoja, ule wa upande wa kidole kidogo. Kiganja kikirudi rangi upesi, mshipa wa pili unaweza kuchukuliwa na mkono ukabaki hai. Kipande hukatwa chote, pamoja na ateri na mshipa wa kurudisha damu, vikaungwa na mishipa ya shingoni chini ya hadubini. Mishipa hiyo ina upana wa milimita mbili au tatu, na uzi wa kuiungia ni mwembamba kuliko unywele.

Kazi ngumu zaidi huja usiku wa kwanza, na hufanywa na muuguzi. Vitabu vingi vya upasuaji viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Vinasema tazama kama kipande kimekuwa cha bluu au kimepauka. Kwenye ngozi nyeusi rangi huchelewa kusema. Kwa hiyo muuguzi hugusa kwa mgongo wa kidole kupima joto, kisha huchoma kwa sindano nyembamba. Ikitoka damu nyekundu polepole, ni salama. Ikifoka nyeusi, damu inaingia na haitoki. Isipotoka kabisa, daktari wa zamu anaamshwa, kwa sababu saa chache tu zinatenganisha kipande cha kuokolewa na kipande cha kutupwa.

Hospitali kubwa za Ulaya, Marekani na Asia zinapotoa hesabu zao, namba ya kwanza huwa hii: katika vipande 100 vilivyohamishwa kwa hadubini, 95 au zaidi hushika. Ni namba ya kujivunia. Hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, kwenye barabara ya Kampala na Entebbe, ilipochapisha mwaka 2016 hesabu za miaka sita ya upasuaji wa namna hiyo kwa wagonjwa wa kila aina, vilivyoshika vilikuwa vichache kuliko hapo na matatizo yalikuwa mengi zaidi. Madaktari wake waliyaandika waziwazi, jambo linalostahili heshima, maana hospitali nyingi hupenda kuchapisha ushindi tu. Ufundi huu hukua kwa mazoea: mikono ileile, wauguzi walewale, kesi baada ya kesi.

Lakini kushika kwa kipande ni habari ya daktari. Habari ya mgonjwa ni pana zaidi.

Ulimi wa kushonwa, kwa mfano, haujisogezi. Ngozi ya mkono iliyowekwa mdomoni haina msuli wa kuiendesha. Inajaza nafasi tu, na nusu ya ulimi iliyobaki ndiyo inayoisukuma huku na huko. Ndiyo maana matokeo hutegemea kilichobaki kuliko kilichowekwa. Aliyepoteza theluthi moja upande wa ubavuni, baada ya miezi kadhaa ya mazoezi, husema Malangali na akaeleweka hata kwenye simu. Aliyepoteza nusu huwa na l nzito, ila sokoni anaeleweka. Aliyetolewa ulimi wote, hata ashonewe na fundi bora duniani, huongea kwa shida, na chakula cha majimaji huweza kumpita kikaingia mapafuni. Tofauti kati ya watu hao watatu, mara nyingi, ni miezi ya kuchelewa tu.

Kuna namba nyingine isiyosikika sana nje ya wadi: sita. Mgonjwa wa saratani iliyokomaa akishapasuliwa huhitaji mionzi, na miongozo ya tiba inataka ianze ndani ya wiki sita hivi. Ikichelewa, chembe zilizosalia hupata nafasi. Sasa hesabu kwa mtu wa Malangali. Kidonda kipone, mrija wa kulishia utoke puani, majibu ya maabara yarudi, nafasi ya mionzi ipatikane. Kidonda kikifumuka na mate yakaanza kuvuja shingoni, wiki tatu zimekwenda. Akirudi nyumbani kwanza kutafuta fedha, nyingine zimekwenda. Mionzi yenyewe huchukua wiki sita hadi saba, siku tano kila wiki, dakika chache kwa siku. Maana yake ni karibu miezi miwili Dar es Salaam, na anayehitajika zaidi katika miezi hiyo ni ndugu mwenye chumba cha kufikia.

Kwa hiyo kipande kinene cha kifua kilichopona wiki ya pili kinaweza kumfaa mkulima wa Ufipa kuliko ngozi nyororo ya mkono iliyohitaji kurudishwa chumba cha upasuaji mara mbili na kusogeza mionzi hadi mwezi wa nne. Wapo wanaoona maneno haya kama kuridhika na tiba ya daraja la pili. Siyo. Wapasuaji wazoefu hata katika nchi tajiri hurudi kwenye kifua mgonjwa anapokuwa dhaifu au mishipa ya shingo inapokuwa imechoka. Upasuaji mzuri ni ule unaomaliza safari yote ya matibabu, na safari ya mtu wa Sumbawanga ina kilomita nyingi.

Taya lina hesabu zake. Tanzania inalijua tatizo la mataya kuliko nchi nyingi, kwa sababu ya uvimbe uitwao ameloblastoma, unaotokana na chembe za kutengeneza meno. Si saratani kwa maana kamili, maana kwa kawaida hausambai mwilini, ila hula mfupa polepole mpaka uso unajaa kama boga. Elison Simon wa Muhimbili na wenzake, wakishirikiana na madaktari wa Nijmegen, Uholanzi, walifuatilia kwa miaka minne wagonjwa 116 wenye uvimbe wa jamii hiyo. Katika ripoti yao ya mwaka 2005, ameloblastoma iliongoza kwa mbali. Mikono inayounda upya mataya ya wagonjwa wa saratani nchini ilijifunzia kwa wagonjwa hawa.

Mfupa ukikatwa na pengo likaachwa, kidevu hukimbilia upande mmoja, mate humwagika, meno ya juu hayakutani na ya chini. Bamba la taitaniamu hushikilia pande mbili zisianguke. Ni msaada wa haraka, ila likiachwa peke yake kwa miaka huweza kuvunjika au kutokeza nje ya ngozi, hasa baada ya mionzi. Kipande cha mfupa wa nyonga hushika vizuri pengo likiwa fupi, chini ya sentimita sita hivi, na ngozi ikiwa haijapigwa mionzi. Pengo likiwa refu, mfupa bora ni ule mwembamba ulio pembeni ya muundi, unaochukuliwa pamoja na mishipa yake. Ian Taylor wa Melbourne alieleza mwaka 1975 jinsi alivyouhamisha kutibu mguu. David Hidalgo wa New York akaonyesha mwaka 1989 jinsi ya kuukata vipande vidogo na kuupinda uwe taya. Hutoa zaidi ya sentimita 20, na mradi sehemu ya chini karibu na kifundo imeachwa, mtu hutembea.

Basi taya limerudi, uso umenyooka, picha ya kabla na baada inavutia. Mkoa wa Rukwa ni mkoa wa mahindi. Je, mtu huyo anaweza kutafuna hindi la kuchoma? Bila meno, hawezi. Mfupa mpya hauna meno mpaka yapandikizwe, na upandikizaji wa meno ni gharama ambayo wengi hawaifikii. Ugali ataula, maharage yaliyoiva sana ataponda kwa ulimi. Hindi atalipukuchua na kuwapa wajukuu.

Mtoto mwenye uvimbe wa taya ni suala jingine kabisa. Denis Burkitt, mpasuaji wa Kiayalandi aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliwaona watoto wa namna hiyo kuanzia mwaka 1957 na mwanzoni alijaribu kisu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka Afrika Mashariki na Kusini kwa gari kuukuu, wakichora ramani ya ugonjwa, wakagundua kwamba unafuata ukanda wa joto na mvua, ukanda wa malaria. Saratani hiyo yenye jina lake huyeyuka kwa dawa. Mzazi anayetoka bonde la Rukwa na mtoto aliyevimba taya ghafla ndani ya wiki chache asikimbilie kukatwa wala kung'olewa meno; kinachotakiwa ni kuchukua kinyama cha kupimwa maabara na kuanza dawa upesi.

Taya la juu nalo lina ujanja wake. Likitolewa, kinywa na pua huwa chumba kimoja. Pumzi inayopaswa kujikusanya nyuma ya midomo ili itoe b hutorokea puani, na b ikitorokea puani huwa m. Mzee akisema "baba", watu husikia "mama". Akinywa chai, humtoka puani. Tiba yake inaweza kuwa nyama ya kuhamishwa, lakini mara nyingi bamba la plastiki kama meno ya bandia, lililofinyangwa kwa ukubwa wa tundu, hutosha. Huvaliwa asubuhi, huoshwa usiku, na daktari akilitoa anaweza kuchungulia kama ugonjwa umerudi. Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa nafsi wa Vienna, alikatwa kaakaa mwaka 1923, akaishi na bamba la namna hiyo miaka 16 na operesheni zaidi ya 30, akilichukia na kuliita jina la zimwi. Hata hivyo aliendelea kupokea wagonjwa na kuandika karibu mpaka mwisho wake London mwaka 1939. Hakuacha sigara pia, na hilo halikumsaidia.

Kisha kuna jua. Baridi ya Ufipa hudanganya: mtu amevaa sweta mwezi wa sita na kumbe miale inayochoma ngozi ni mikali kuliko ya Dar es Salaam, kwa kuwa huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila unapopanda mita 1,000. Kwa watu wenye ualbino, ambao sensa ya mwaka 2012 ilihesabu 16,477 nchini, saratani ya ngozi ndiyo adui mkubwa wa maisha, na mara nyingi huanzia kichwani na shingoni: sikio, paji, mdomo wa chini, nyuma ya shingo. Jeffrey Luande na wenzake waliandika juu ya ngozi hizo tangu mwaka 1985, wakionyesha jinsi zinavyoharibika mapema tangu utotoni.

Kwa mpasuaji, wagonjwa hawa wana ugumu wa pekee. Pua iliyoliwa na saratani kwa desturi huundwa kwa ngozi ya paji la uso, ufundi wa kale wa Wahindi. Lakini paji lenyewe limepigwa na jua lilelile, na saratani ya kesho inaweza kuwa imeshajificha humo. Afadhali ngozi ya paja, ambayo nguo imeilinda, ingawa haitafanana na uso. Na huyu mgonjwa, hata akipona leo, atarudi mara nyingi. Mafanikio yake huhesabiwa kwa kofia pana na mafuta ya kuzuia jua, kama Kilisun yaliyoanza kutengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kuliko kwa mishono. Rukwa, kwa aibu yetu, ni miongoni mwa mikoa ambako watu wenye ualbino wameshambuliwa na kukatwa viungo. Anayejificha kwa hofu hafiki kliniki akiwa na kidonda kidogo. Hufika kikiwa kimekula sikio.

Turudi mezani, au tuseme mkekani. Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago, alitolewa sehemu ya taya la chini mwaka 2006. Madaktari hodari wa Marekani walijaribu kumjengea jingine kwa mfupa na nyama kutoka sehemu nyingine za mwili. Majaribio yote yalishindikana. Aliishi kwa kulishwa kwa mrija, bila sauti, akiandika mpaka alipofariki mwaka 2013. Mwaka 2010 aliandika kwamba alichokikosa zaidi hakikuwa chakula chenyewe. Ilikuwa ni kukaa na watu wakila na kupiga soga.

Mtu wa Ufipa anaelewa hilo bila kufafanuliwa. Hapa chakula ni sinia moja na mikono kadhaa, ugali katikati, mgebuka wa Ziwa Tanganyika pembeni. Aliyetoka kwenye mionzi hana mate. Tonge hukwama kama kitambaa kikavu, na anahitaji mchuzi mwingi au mlenda ili liteleze. Mwiba wa samaki hausikii, maana ngozi ya kushonwa haina hisia. Anakula polepole, chakula kinamtoka pembeni ya mdomo asijue, wenzake wanamaliza wakimsubiri kwa heshima. Baada ya wiki mbili huanza kusema ameshiba, kisha huomba awekewe chake chumbani. Hospitali ikimwuliza anakula, atajibu ndiyo.

Kuna dodoso la kupima mambo haya, lililotengenezwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1993 na sasa linatumika duniani kote. Linauliza maumivu, sura, shughuli, burudani, kumeza, kutafuna, kusema, bega, ladha, mate, hali ya moyo na wasiwasi. Bega? Ndiyo. Madaktari wakitoa tezi za shingoni ambamo saratani hukimbilia, huweza kugusa mshipa wa fahamu unaoinua bega. Kwa karani huo ni usumbufu wa kuvaa koti. Kwa mkulima, mkono usiopanda juu ya bega ni ekari zisizolimwa, na hapo wana wa nyumba ndio huamua kama operesheni ilifanikiwa.

Habari njema ni kwamba mengi ya hayo hurekebishika kwa mazoezi yasiyo na gharama. Taya lililokaza baada ya mionzi, kwa mfano. Kipimo cha mtaani ni vidole vitatu: visipoingia kinywani vikiwa vimesimama, taya linaanza kufunga. Mgonjwa hupewa vijiti vya mbao, vile vya kubonyezea ulimi, avipange katikati ya meno mpaka vikaze, akae navyo nusu dakika, kisha aongeze. Anayemsimamia humhimiza:

"Mama, ongeza kimoja tu."

"Kinauma, mwanangu."

"Pole, mama. Najua. Kimoja tu, halafu tupumzike."

Kijiti kimoja hakifiki milimita 2. Ni mara kadhaa kwa siku, kwa miezi. Anayefanya hivyo nyumbani Malangali, kwa vijiti vilevile vilivyofungwa na mpira, anaweza kurudisha nafasi ya kijiko na hatimaye ya tonge. Anayeambiwa tu "rudi baada ya miezi mitatu" hurudi na kinywa kinachopitisha uji. Daktari ni yuleyule, operesheni ni ileile.

Kuchelewa kuna sababu zake. Sumbawanga imechoka kutaniwa kuhusu uchawi. Jina lenyewe husimuliwa kuwa maana yake ni kuutupa. Wapo wanaoanzia kwa mganga, ni kweli. Ila wengi walianzia mahali sahihi. Walikwenda na kidonda, wakapewa vidonge vya kuua vijidudu, kikapoa kidogo, wakarudi wakapewa tena. Wengine jino lililegea bila sababu, likang'olewa, na tundu lake halikufunga. Miezi sita ikapita wakitibiwa kila kitu isipokuwa ugonjwa wenyewe. Saratani ya kinywa iliyokamatwa mapema huponywa kwa wengi, na pengo lake hushonwa kwa kuvuta ngozi ya jirani, bila kifua wala mkono. Ile ya hatua ya mwisho, wanaofikisha miaka mitano hawafiki nusu.

Kwa hiyo, msomaji, kidonda mdomoni kilichotimiza wiki tatu, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe wa shingo usiouma, sauti iliyokwaruza kwa wiki tatu bila mafua, jino lililolegea bila kugongwa, au kigaga kwenye sikio la mtoto mwenye ualbino: nenda kliniki ya meno au ya masikio, pua na koo ya hospitali ya mkoa. Ukipewa dawa, itumie. Wiki mbili zikipita hakijapona, rudi, na umwulize daktari kwa heshima kama si wakati wa kuchukua kinyama.